Usiisingizie filta: kutafuta ubovu wa picha za nebula ukiwa Arusha au Moshi

Mwanzoni mwa Januari kijana mmoja wa mtaa wa Sakina, Arusha, alinitumia ujumbe saa tano usiku. "Shikamoo mzee. Filta yangu ya hidrojeni imekufa." Chini yake picha: weusi mtupu, na katikati nyota sita zimekaa kama punje za mchele zilizosahaulika kwenye ungo. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza alikuwa akipiga nini. "Kilimia," akajibu.

Filta haikuwa imekufa. Ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri kuliko mwenyewe alivyojua. Ule ukungu wa samawati unaozunguka Kilimia ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota zilizo karibu nalo, na mwanga ulioakisiwa una rangi zote. Filta ya hidrojeni inaruhusu uzi mmoja tu wa rangi, kwenye nanomita 656.3, na kuzuia mengine yote. Wazee walijua wakati wa kulima kwa kuangalia Kilimia kikizama na kuzuka, lakini kwa filta ya wigo mwembamba hapo hakuna shamba. Geuza darubini nyuzi 40 hivi, ilenge nebula (wingu la gesi) ya kundinyota la Jabari (Orion), na filta ileile "iliyokufa" itafufuka.

Nimeandika haya kwa sababu ujumbe wa namna hiyo naupata mara nyingi, na karibu kila mara filta ndiyo inayosingiziwa. Halafu kuna jambo la pili. Miongozo mingi tunayosoma imeandikwa na watu wanaoishi nyuzi 40 au 50 kaskazini ya ikweta. Wao wana Nyota ya Kaskazini juu ya paa, wana usiku mrefu wa baridi, wana machweo yanayochukua saa nzima. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini ya ikweta, na hilo peke yake linabadilisha nani awe mshukiwa wa kwanza.

Kabla ya dalili yoyote, fanya mambo mawili. Fungua fremu moja mbichi, ile iliyotoka kwenye kamera, wala si picha iliyokwisha kurundikwa na programu, yaani fremu nyingi zilizounganishwa kuwa moja. Rundo huficha makosa na kuzaa mengine mapya. Kisha toa filta, piga nyota zilezile kwa sekunde 10, uone kama ubovu bado upo. Ukiwa upo, filta haina hatia. Na ukianza kurekebisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, hata kama usiku unakimbia na mawingu ya Meru yanakuchungulia.

Dalili: picha nyeusi, au karibu nyeusi

Kosa la kulenga nimeshalisema. Liongeze kwa galaksi na nebula za giza: filta ya wigo mwembamba ni ya gesi inayowaka yenyewe, yaani hidrojeni kwenye nanomita 656.3, oksijeni kwenye 500.7, na salfa kwenye 671.6 na 673.1.

Kama umelenga sawa na bado ni giza, piga hesabu ndogo. Mwanga tunaouona kwa macho umeenea takriban nanomita 300, kuanzia 400 hadi 700. Filta ya nanomita 7 inakupa sehemu moja kati ya arobaini na kitu ya upana huo. Kwa hiyo anayetegemea sekunde 30 kwa sababu ndizo zilizompa picha nzuri ya Njia Nyeupe bila filta, anaiomba filta muujiza. Anza na dakika 3 kwa fremu moja, nenda hadi 5 au 10 kadiri maunti yako (chombo kinachoibeba darubini na kuizungusha ifuate nyota) inavyoruhusu. Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa pikseli: kama kilima chote kimebanwa kwenye ukuta wa kushoto, fremu ni fupi mno na kelele ya kamera yenyewe inameza gesi. Kilima kinapaswa kuachana na ukuta, hata kwa upenyo mdogo.

Wenye kamera za kawaida za duka, zile za harusi na vipaimara, wana sababu yao ya pekee. Mbele ya sensa, kile kipokea mwanga cha kamera, kuna kioo kilichowekwa ili ngozi za watu zisitoke nyekundu kupita kiasi, na kioo hicho hula sehemu kubwa ya mwanga wa 656.3. Ukiweka filta ya hidrojeni mbele ya kamera hiyo, robo hivi ya mwanga ndiyo inayofika. Dalili yake ni rahisi kuitambua: oksijeni inatoka vizuri, hidrojeni inasuasua. Hapo dawa ni fundi wa kukitoa kile kioo, au kuuza kamera na kununua ya astronomia. Binafsi ningeuza. Kamera iliyofunguliwa haitaki tena harusi, na harusi ndizo zinazolipa.

Sababu ya mwisho ni ya aibu kidogo, na imenipata: picha iko, ila kioo cha kompyuta hakiioneshi. Fremu mbichi ya wigo mwembamba huonekana nyeusi mpaka uinyooshe mwanga wake. Kwenye Siril, programu ya bure, badilisha namna ya kuonesha kutoka mstari mnyoofu kwenda kunyoosha kiotomatiki. Nebula nzima inaweza kuwa imekaa humo ikikusubiri.

Dalili: nyota zimevutika

Hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na wenzetu wa kaskazini, kwa hiyo nitakaa.

Kwanza tazama umbo la mvutiko. Kama nyota ni mistari mirefu hata kwenye fremu ya sekunde 10 au 15, zima injini ya maunti upige fremu nyingine ya muda uleule. Ikiwa mstari wa kwanza una urefu mara mbili ya wa pili, maunti inazunguka kinyume: umeiambia uko kaskazini ya ikweta. Kwenye vifuatilizi vidogo ni swichi ya herufi N na S. Kwenye maunti kubwa ni latitudo uliyoandika bila alama ya kutoa. Watu wamerudisha maunti dukani kwa ajili ya swichi hiyo.

Kama nyota za katikati ni nzima na za pembeni zinazunguka kama zimekorogwa, au kama mvutiko ni mdogo na uko upande mmoja siku zote, mshukiwa ni mhimili. Mhimili wa maunti lazima uelekee ncha ya anga, pale ambapo anga yote huonekana kuzunguka, na kwetu ncha iliyo juu ya upeo ni ya kusini, kwa urefu wa nyuzi 3.4 tu. Ukinyoosha mkono, hivyo ni upana wa vidole viwili. Hapo pana nini? Mti wa jirani, ukuta wa uzio, vumbi la nyika ya Simanjiro, moshi wa mashamba. Nyota iliyo karibu na ncha hiyo, Sigma Octantis, ina ung'avu wa takriban 5.5 (kwenye kipimo hiki namba kubwa ni nyota hafifu), yaani hata ikiwa juu kichwani inahitaji giza zuri na macho mazuri. Ikiwa karibu kulala ardhini, mwanga wake unapita hewa nene kiasi kwamba hutaiona. Na hata ungeiona kwa ile darubini ndogo ya mhimili, hewa inapinda mwanga wake na kuiinua zaidi ya dakika 10 za tao (sehemu 10 kati ya 60 za nyuzi moja) juu ya mahali pake pa kweli. Kwa hiyo darubini ya mhimili uliyoilipia kwetu ni pambo. Usipoteze usiku nayo.

Njia inayofaa ni ya programu. Programu inapiga picha ya sehemu yoyote ya anga, inalinganisha nyota na ramani yake, inazungusha maunti kidogo, inapiga tena, na baada ya picha tatu inajua mhimili wako umekosea kiasi gani na upande gani. NINA, ambayo ni ya bure kwenye Windows, ina nyongeza ya kufanya hivyo bila kuiona ncha. Vidhibiti vidogo vya siku hizi vinavyokaa juu ya darubini navyo vinaweza. Angalia tu usichague ile njia inayodai kuiona ncha.

Asiye na kompyuta uani atumie njia ya zamani ya kuangalia nyota inavyohama. Chagua nyota iliyo karibu na utosi wa anga, maana ikweta ya anga kwetu inapita karibu juu ya kichwa. Ikihama kwenda kaskazini au kusini, mhimili umekosea kushoto au kulia. Rekebisha. Kisha chagua nyota ya mashariki iliyoinuka nyuzi 25 hivi. Ikihama, kosa ni la juu au chini. Ni dakika arobaini za uvumilivu, na ukiwa na maunti iliyokaa mahali pamoja unafanya mara moja kwa msimu.

Kupata mstari wa kaskazini na kusini wa kuanzia, usiiamini dira ya simu juu ya paa la zege, nondo zinaidanganya. Tumia jua. Ning'iniza uzi wenye jiwe, subiri adhuhuri ya kweli, chora kivuli chake. Adhuhuri ya kweli Arusha si saa sita kamili. Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, sisi tuko karibu 37, kwa hiyo jua linafika juu kama saa 6:33 mchana kwa wastani, mapema hadi 6:17 mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa hadi 6:47 katikati ya Februari. Moshi toa dakika mbili au tatu. Epuka siku za karibu na tarehe 12 Machi na 1 Oktoba: jua linakuwa utosini na kivuli kinajificha chini ya jiwe.

Kisha kuna tatizo la chuma chenyewe. Maunti nyingi za ikweta zimetengenezwa kwa wateja wa Ulaya na Marekani, na skrubu ya kushusha mhimili inagota kwenye nyuzi 10 au 15. Wengine huilazimisha mpaka inapinda. Usifanye hivyo. Inamisha stendi nzima kuelekea kusini kwa kuinua mguu wa kaskazini: kwa stendi ambayo miguu yake imepanuka sentimita 80, kipande cha sentimita 10 kinakupa nyuzi 7 au 8 hivi. Tofali moja gumu linatosha, lakini weka ubao juu yake lisichimbwe na ncha ya mguu, na kabla ya kupandisha darubini sukuma kila upande uone kama stendi inataka kuanguka. Mhimili ukiwa karibu kulala, vyuma vya mizani navyo vinashuka wima na kupita karibu mno na miguu ya stendi. Kama nyota zinavutika ghafla saa ileile kila usiku kisha maunti inaanza kulia, chungulia kwa tochi nyekundu: chuma kimegusa mguu. Nguzo fupi ya kurefusha, iliyochomelewa na fundi wa mageti, imeniondolea shida hiyo kwa bei ya mlo wa watu wawili.

Mhimili ukiwa sawa na fremu za dakika 5 bado zinavutika, unahitaji kamera ya kuongozea, ile ndogo inayoitazama nyota moja na kuisahihisha maunti kila sekunde chache kwa programu kama PHD2. (Nasema "kamera ya kuongozea" kwa makusudi. Neno la Kiingereza wanalotumia wenzetu, "guider", ukilitamka kwa sauti usiku uani, jirani anasikia "gaidi", na kesho yake unajieleza kwa mjumbe.) Ifundishe kazi ikiwa imelenga karibu na utosi, kaskazini kidogo, si kwenye nyota ya chini. Ikiwa grafu yake imetulia na nyota za kamera kubwa zinavutika hata hivyo, basi kitu kati ya darubini kubwa na ile ndogo ya kuongozea kinalegea: skrubu, pete za plastiki, au waya mzito unaoning'inia na kuvuta. Funga nyaya kwenye maunti.

Wenye darubini janja, zile ndogo zinazosimama juu ya stendi na kujiongoza zenyewe kwa simu, wana dalili yao: pembe za picha zinazunguka na fremu nyingi zinakataliwa. Darubini hizo zinageuka kushoto na kulia, juu na chini, kwa hiyo anga inazunguka ndani ya picha. Nebula kubwa ya Jabari inapita nyuzi 2 tu kutoka utosini kwetu, na hapo darubini ya namna hiyo inachanganyikiwa, inatakiwa izunguke mbio kuliko uwezo wake. Ipige ikiwa mashariki, nyuzi 30 hadi 65 hivi, pumzika inapopita juu, kisha endelea ikielekea magharibi. Ikiwa mashariki hasa karibu haizunguki kabisa, na hiyo ni bahati yetu watu wa ikweta. Nebula ya Mkuku (Carina) ni kinyume: inapokuwa kusini kabisa, picha inazunguka kama nyuzi 18 kwa saa. Fremu ya sekunde 10 itavumilia. Fremu ya dakika moja tayari inaburuta nyota za pembeni pikseli 5.

Dalili: hidrojeni nzuri, oksijeni mbovu

Hili ndilo lalamiko la pili kwa wingi. Kabla ya yote, jiulize kama gesi yenyewe ipo. Ule ukuta mwekundu nyuma ya Kichwa cha Farasi, IC 434, ni hidrojeni karibu tupu. Ukitafuta oksijeni pale utazeeka. Nebula za Mkuku, Rosette na Helix zinayo, na Helix inayo tele.

Kama ipo na haitoki, mwangalie mwezi. Mwanga wa mwezi hutawanyika angani zaidi upande wa samawati na kijani kuliko upande wa nyekundu, na oksijeni iko kwenye kijani. Mimi nimegawa mwezi mara mbili: siku za mwezi mkubwa ni za hidrojeni na salfa, siku za giza ni za oksijeni, basi. Mtu anayepiga oksijeni mwezi ukiwa kumi na nne anapiga mwezi.

Taa za barabarani zinafanya kitu kilekile. Zile za zamani za manjano zilikuwa za sodiamu, na rangi yao ya 589 ilizuiwa na filta bila shida. Taa nyeupe za LED zilizochukua nafasi yake zinamwaga mwanga kwenye wigo wote, 500.7 ikiwemo. Hakuna filta inayoweza kutofautisha mwanga wa oksijeni wa nebula na mwanga wa LED wa rangi ileile. Inachoweza ni kupunguza upana. Kwa hiyo Njiro au katikati ya Moshi filta ya nanomita 3 inaonesha tofauti kwa oksijeni kuliko kwa hidrojeni, na kama una pesa ya filta moja tu nyembamba, inunulie oksijeni. Huo ni ushauri unaopingana na wauzaji wengi, wanaoanza na hidrojeni.

Lenzi yenye tundu kubwa nayo ni mwizi. Filta hizi zinafanya kazi kwa tabaka nyembamba sana, na mwanga ukiingia kwa pembe, rangi inayoruhusiwa inahama kuelekea samawati. Kwenye f/5 (namba ya f ikipungua, tundu linakuwa kubwa) kuhama huko hakufiki hata nanomita moja. Kwenye f/2, miale ya pembeni inahama nanomita 3 na zaidi, na filta ya nanomita 3 inaukosa mstari wake wenyewe. Dalili: katikati ya picha kuna gesi, kila ukienda pembeni inafifia, au lenzi ya f/1.8 inatoa picha hafifu kuliko ulipoibana hadi f/4. Ibane.

Mwisho, urefu wa kitu angani. Mkuku kwetu haupandi zaidi ya nyuzi 33 na nusu hata ukiwa juu kabisa, na juu ya mabonde yenye vumbi hapo chini kijani kinaumia kuliko nyekundu. Ipige oksijeni kwa saa mbili zile za katikati, kabla na baada ya kufika kusini, na hidrojeni ijaze muda uliobaki. Mwisho wa Januari Mkuku unafika kusini saa nane na dakika arobaini usiku. Katikati ya Februari saa saba na nusu. Baada ya hapo masika yanaingia na mjadala unaisha.

Dalili: nyota nene, laini, hazina ncha

Fokasi. Kila filta ina fokasi yake, hata zile zinazouzwa kama seti moja, na kuifanya bila filta kisha kuiweka ndiyo desturi mbaya kuliko zote. Weka barakoa ya Bahtinov, kile kifuniko chenye mianya cha kupimia fokasi, lenga nyota kubwa kama Suheli (Canopus), piga sekunde 10 na filta ikiwa mahali pake. Rudia kila nyuzi joto zikishuka mbili au tatu. Arusha mwezi wa Julai huo ni mwendo wa saa moja tu baada ya jua kuzama. Darubini ya bomba la alumini inahama zaidi.

Kama fokasi ilikuwa sawa saa mbili na saa tano imekuwa ukungu, usikimbilie skrubu. Mulika lenzi kwa pembe: pengine ni umande. Mkanda wa joto kwa nguvu ndogo tangu mwanzo wa usiku ni bora kuliko kukausha lenzi iliyokwisha kulowa. Nyota zikififia zote pamoja bila pete ya ukungu, ni wingu jembamba kutoka mlimani.

Dalili: pete na duara kuzunguka nyota kubwa

Nyota ya mashariki katika ukanda wa Jabari, Alnitak, itakufundisha jambo hili usiku wa kwanza. Duara kubwa lenye ukingo unaoonekana ni mwanga uliogonga filta, ukarudi kwenye kioo cha kamera, ukarudi tena. Sogeza nyota kwenye pembe nyingine ya picha. Duara likihama kwa namna yake, lisikae katikati ya nyota, ni mwakisiko. Geuza filta: upande unaong'aa kama kioo utazame angani. Mara nyingi linapungua, mara chache linaisha. Kuongeza au kupunguza milimita chache kati ya filta na kamera kunabadilisha ukubwa wake, na wakati mwingine duara kubwa hafifu ni afadhali kuliko dogo lenye nguvu. Filta za bei nafuu za oksijeni zina ugonjwa huu zaidi, na hapo filta kweli ina hatia.

Pete laini isiyo na ukingo ni umande au vumbi. Na michoro kama vyandarua vidogo karibu na nyota kali, kwenye baadhi ya kamera za rangi moja za zamani, ni lenzi ndogondogo za sensa yenyewe. Haina dawa. Iweke nyota hiyo nje ya fremu.

Dalili: mistari ya mshazari, madoa, pembe nyeusi

Mistari midogo yote ikielekea upande mmoja kama mvua ya upepo, baada ya kurundika, ni pikseli mbovu zilizoburutwa. Iambie programu isogeze darubini kidogo, pande mbalimbali, kila baada ya fremu mbili au tatu. Fremu za giza, zile za kupiga kamera ikiwa imefunikwa, peke yake hazitoshi.

Madoa ya mviringo na pembe nyeusi yanaondolewa kwa fremu bapa, zile za kupiga mwanga uliosambaa sawa, na hapa ikweta inatubana tena. Jua letu linazama wima. Mwanga wa machweo unaofaa unadumu dakika ishirini hivi, na filta tatu zinagombania dakika hizo. Anza na salfa na hidrojeni wakati anga bado ina mwanga, maliza na oksijeni, au tumia ubao wa LED wenye karatasi nyeupe. Ukiutumia, chukua fremu za sekunde mbili au zaidi, maana taa hizo zinapepesa na fremu fupi zinatoka na mistari.

Dalili: kamera inakatika, ubaridi haufiki

Umeme ukikatika utajua. Wa hila ni umeme unaopungua. Betri inaonesha volti 12.6, lakini mwisho wa waya mwembamba wa mita 4, ubaridi wa kamera ukiwa unavuta kwa nguvu zote, maunti inapata volti 11 na kitu, na inapoteza njia bila kusema. Pima kwenye ncha ya mwisho, si kwenye betri, vitu vyote vikiwa vinafanya kazi. Dawa ni waya mnene na mfupi.

Na usiidai kamera nyuzi -20. Kamera nyingi zenye ubaridi zinashuka takriban 35 chini ya hewa iliyopo. Moshi usiku wa Februari ukiwa na 24, -5 ni heshima. Kipoza kikiwa kinafanya kazi asilimia 100, joto linayumba na fremu zako za giza hazilingani na chochote. Chagua namba moja utakayoipata mwaka mzima.

Dalili: kila kitu kijani, nyota zambarau

Huu si ubovu. Mtindo unaoigwa na wengi ni wa picha ya Nguzo za Uumbaji ndani ya nebula ya M16, iliyopigwa na darubini ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995: salfa ikawa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni samawati. Hidrojeni ni nyingi kuliko wenzake karibu kila mahali, kwa hiyo kijani kinameza. Nyoosha kila filta peke yake mpaka zikaribiane kwa mwanga, ndipo uziunganishe. Kuondoa kijani kwa programu kabla ya hapo kunafuta hidrojeni yenyewe. Nyota zinatoka zambarau kwa sababu ukinyoosha sana salfa na oksijeni, nyekundu na samawati za nyota zinapita kijani. Piga dakika 20 za rangi za kawaida bila filta, chukua nyota za humo, uzipandikize. Mwenye kamera ya rangi na filta ya mikanda miwili atumie skripti ya Siril inayotenga hidrojeni na oksijeni. Pikseli moja kati ya nne ndiyo inayoona hidrojeni, kwa hiyo usishangae ikiwa na chembechembe zaidi.

Dalili: upande mmoja wa picha una mwanga, kila usiku, filta yoyote

Nilihangaika na hili miezi miwili. Nilibadilisha filta, nikafunga viungo vya darubini kwa gundi nyeusi ya umeme, nikafunika kamera kwa soksi. Ilikuwa taa ya ulinzi ya jirani, iliyopenya kwa pembe ndani ya mdomo wa darubini kila ilipoelekea kusini. Ukitaka kujua mapema, elekeza darubini kusini bila kifuniko, piga fremu ya dakika 5 taa ikiwaka na nyingine ukiwa umeikinga kwa khanga. Zikilingana, tafuta ndani ya darubini. Zisipolingana, chukua ndizi mkungu mmoja uende ukabishe hodi. Taa ya jirani yangu sasa inazimwa saa tatu usiku bila kuomba, isipokuwa siku za mechi ya Simba na Yanga, na siku hizo napiga kaskazini.